Mkono wa Mama Weldon

8 Machi, Jumamosi

Hili daftari lilikuwa la jiografia, kidato cha pili. Kurasa sita za kwanza ni milima ya volkano, halafu nikaacha shule, kwa hivyo karatasi nyeupe zimebaki nyingi. Naanza kuandika leo kwa sababu hapa kwetu karibu na Roret kuna mambo yanatendeka na hakuna wa kuyaona isipokuwa mimi.

Jina ni Hezekiah. Miaka ishirini. Kwa huu mteremko wote hakuna mtu ananishinda kuchuma chai, uliza karani wa kituo cha kupimia chai. Kilo sitini kabla ya saa saba, na mdomo unaongea muda wote.

Mama alipigwa na stroki mwezi wa kumi na moja. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Maneno yamerudi, tena hayo yalirudi ya kwanza, yote, na mengine ya ziada. Mkono wa kushoto ndio umekataa. Kumwogesha ni Chepchirchir, jirani yetu, hiyo si kazi ya mtoto wa kiume. Lakini moto, uji, kuni, ng'ombe, dawa za asubuhi na za jioni, ni mimi. Miezi minne.

Leo ndugu yangu mkubwa Weldon amekuja kutoka Nakuru. Yeye ni mtu wa kompyuta, anavaa viatu vinavyoogopa matope. Amekaa masaa matatu. Ameleta mikate miwili, simu kubwa ya Mama, na bangili nyeusi ya mpira. Hiyo bangili inavaliwa kwa mkono mgonjwa. Kila ukiinua mkono inahesabu, na jioni namba inaenda kwa simu yake Weldon na kwa simu ya daktari wa mazoezi. Mkono ukilala muda mrefu, bangili inatetemeka kidogo kuukumbusha.

Majirani wakaingia kuiona. "Mama Weldon, wewe una mtoto!" Una mtoto! Na mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika sufuria.

Halafu Weldon akatoa sheria, amesimama kama mwalimu wa zamu. Mkono ukifika mara mia tano kwa siku kabla mwezi wa tano uishe, Mama atakaa hapa. Usipofika, anamchukua Nakuru.

"Kwa nini Nakuru?" nikauliza.

"Kwa sababu hapa sioni akiendelea, Hezi."

Haoni! Mtu yuko Nakuru atamwona na nini?

11 Machi, Jumanne

Daktari wa mazoezi amekuja na pikipiki. Anaitwa Mokeira, wa kutoka upande wa Chepilat, hana mchezo. Amemwonyesha Mama kuinua kikombe, kupangusa meza, kuvuta kamba. Namba ya leo: 61.

12 Machi

Mvua. Kilo 64. Namba 58.

16 Machi, Jumapili

Mama ameipa bangili jina. Ameiita Weldon.

Sitanii. Ilitetemeka tukiwa jikoni, akaiangalia, akacheka, akasema, "Naam, Weldon, naamka." Na mkono ukapanda mpaka kwa bega! Mimi kutoka mwezi wa kumi na mbili nimekuwa nikiimba hapo, Mama inua mkono, Mama inua mkono, ananijibu, "Ngoja kwanza, weri, nimechoka." Weri ni kijana. Mimi ni kijana, bangili ni Weldon.

21 Machi

Namba 140.

Kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, hiyo najua na sibishani nayo. Lakini siku baba alipozikwa, aliyeacha shule ili chai isigeuke msitu si Weldon. Jina lilibaki kwake na kikapu kikaja kwangu.

24 Machi

Mvua tangu saa nane. Chai inaota kama ina hasira. Mama: "Weldon ananiita, nisaidie kusogeza kiti." Nikasogeza kiti. Namba 175.

27 Machi, Alhamisi

Mokeira amefurahi sana na 210. Anakuja Jumanne na Alhamisi. Akapiga picha, akampigia Weldon mbele yetu, akamwambia, "Kazi nzuri sana umefanya!"

Kazi gani? Nilipasua kuni kwa fujo mpaka Chepchirchir akauliza kama naua nyoka.

3 Aprili

Namba 214. Imesimama hapo wiki nzima. Mia tano iko mbali kama Mombasa, na mwezi wa tano unatembea haraka. Usiku Mama amelala na ile bangili chini ya shavu. Chini ya shavu!

4 Aprili, Ijumaa

Nimefanya kitu kizuri sana, hata mimi nimejishangaa.

Asubuhi Mama alipovua bangili aogeshwe, nikamwambia, "Mama, wacha Weldon achajiwe, ana njaa." Akakubali. Nikaivaa mkono wangu wa kushoto chini ya sweta, nikaenda kuchuma. Sasa fikiria mkono wa mchumaji. Kuingia kwa chai, kukata, kurusha kwa kikapu, kuingia tena. Nikivaa siku nzima itafika elfu kumi, na Weldon ataona Mama ameanza kupigana ngumi. Kwa hivyo nikavaa kidogo tu, saa mbili mpaka saa mbili na nusu, halafu nikaivua nikaiweka kwa mkebe wa chumvi, ndani ya kabati.

Namba: 287.

Weldon alipiga simu jioni, sauti juu. "Hezi! Umeona?"

"Nimeona. Si nilikuambia Mama yuko kwa mikono mizuri?"

Mikono mizuri! Nilicheka peke yangu mpaka ng'ombe akageuka.

6 Aprili, Jumapili

Jumapili hakuna kuchuma. Nikaivaa kanisani. Mapambio matatu, makofi ya nguvu. 330. Mzee wa kanisa ameniambia nimeanza kuokoka.

9 Aprili

Duke, tunachuma naye mistari ya jirani, ameiona. "Hezi, hiyo ni saa ya nani? Imekubana kama ya mtoto."

"Ni ya hospitali. Inapima nguvu."

"Na inasemaje?"

"Inasema Duke apunguze maswali."

Namba 372.

11 Aprili

Mama ameuliza kama Weldon bado anachajiwa. Nikamwambia umeme ni mdogo siku hizi, anajaa polepole. Ni kweli umeme ni mdogo, kwa hivyo si uongo wote.

Jikoni kumekuwa kimya. Hakuna "naam Weldon". Ndiyo kimya nilikuwa nataka.

15 Aprili, Jumanne

Jumanne na Alhamisi namvalisha Mama kabla Mokeira afike, akiondoka namvua. Leo ameushika mkono, akaukunja, akasema umekaza kidogo, labda ni hii baridi. Halafu akaangalia simu: 455. Akatikisa kichwa. "Mama Weldon, nina wagonjwa arobaini na hakuna mwenye namba kama hizi. Wewe sasa hunihitaji kila wiki. Nitarudi katikati ya mwezi wa tano."

Nikampa parachichi tano. Anaenda, na hakuna mtu wa Nakuru wala wa Chepilat atakuja kutuonyesha kuishi.

22 Aprili

Mvua.

23 Aprili

Mvua. Gamubuti moja imetoboka. Namba 498.

25 Aprili

Mia tano na kumi na mbili! Weldon alipiga simu akilia. Mwanaume mzima, viatu vile. "Asante, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nafikiri hutaweza."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumchoma na yakapotea. Baadaye nikaona ni afadhali. Asante ilikuwa tamu. Lakini niliisikia ikienda kwa Mama pia, kwa simu, na Mama akamjibu, "Ni wewe, mwanangu, ni ile zawadi yako." Kwa hivyo hata nikidanganya sifa ni za Weldon! Kuna mtu amewahi kuona hiyo?

2 Mei

Mama anakaa karibu na moto siku nzima. Nikimwambia inua mkono ananiambia ngoja. Nikaacha kumwambia. Namba ni nzuri, si ndiyo?

7 Mei

Kilo 71. Rekodi. Karani ameandika mara mbili kwa kutoamini.

13 Mei, Jumanne

Mawe.

Saa tisa mchana mbingu ilikuwa nyeusi upande wa msitu, halafu ikawa nyeupe, na tulijua. Mvua ya mawe ilipiga dakika ishirini. Mawe kama mbegu za parachichi. Bati la jikoni limetoboka mahali pawili. Nilimfunika Mama na aproni yangu ya plastiki ya kuchumia, nikasimama juu yake nikipigwa mgongo, na yeye anasema, "Chai yangu, chai yangu."

Ilipokwisha nilitoka. Shamba limenyolewa. Vijiti tu, na majani yamelala chini vipande vipande, yananuka kama ndani ya kiwanda. Duke alikuwa amesimama kwa barabara, mikono kichwani. Kituo hakitafunguliwa wiki nne, labda tano.

14 Mei

Leo hakuna cha kuchuma. Nimetoa bangili kwa mkebe, nikamvalisha Mama. Nilikuwa na roho safi kabisa. Nilijiambia, kwani si amekuwa akipona huu muda wote? Namba si imekuwa ikipanda? Najua vile hiyo inasikika. Lakini ukidanganya siku arobaini, na kila jioni unasifiwa, uongo unazoea nyumba. Nilitarajia mia nne.

Mama alifurahi. "Weldon! Umenona huko kwa umeme!"

Jioni: 17.

Nikafikiri imeharibika. Nikaivaa, nikainua mkono mara kumi. Ikahesabu kumi.

Weldon amepiga simu mara nne. Sikushika.

15 Mei, Alhamisi

Nimekaa jikoni siku nzima nikimwangalia Mama. Kukaa na kumwangalia tu, nafikiri sijafanya hivyo tangu mwezi wa tatu. Huwa nampita nikiwa na kitu mkononi.

Saa nne bangili ilitetemeka. Mama aliiangalia. Bega lilipanda. Mkono haukupanda. Ulibaki kwa mapaja, vidole vimejikunja kama vya mtoto mchanga. Akajaribu tena, shingo ikakaza, jasho likatoka kwa hii baridi yote.

"Weldon ananiita," akasema, "na siwezi kumwitikia."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu ameona mgeni kwa lango na hana maji ya chai.

Wakati ule niliufahamu huo mkono wote, kutoka mwanzo. Haukupanda kwa sababu ya kamba wala kikombe. Ulikuwa unapanda kwa sababu kuna mtu alikuwa anauita mara kumi kwa siku, na mimi nilimchukua huyo mtu nikamfungia kwa kabati, kwa vile jina lake halikuwa langu.

Namba: 14.

16 Mei, Ijumaa

Wamefika saa sita, Weldon na Mokeira, kwa gari la rafiki ya Weldon. Walifikiri stroki ya pili. Weldon alishuka kabla gari lisimame, akaingia matope mpaka kwa soksi, akaingia jikoni hajanisalimia.

"Mama! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, kwani unapigia nani kelele?" Mama alikuwa anachambua maharagwe kwa mkono mmoja. "Hezekiah, mpe ndugu yako kiti, amelowa."

Mokeira akapiga magoti, akaukunja na kuukunjua ule mkono muda mrefu. Uso wake ulibadilika. Akatoa simu, akawa anaisukuma kwa kidole, nyuma, nyuma zaidi.

"Hii kitu haikuanza juzi," akasema. "Kuanzia tarehe nne Aprili, mkono unafanya kazi nusu saa asubuhi, mfululizo, haupumziki hata kidogo. Halafu siku nzima kimya. Mimi niliangalia tu jumla, sikufungua ndani. Hilo ni kosa langu." Akamgeukia Mama. "Mama Weldon, hiyo saa mbili asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Saa mbili? Nilikuwa namngoja Weldon. Huyu alisema anachajiwa."

Wote watatu wakaniangalia.

Nina mdomo. Huu mteremko wote unajua. Nilikuwa na majibu kama manne tayari: umeme, mvua, mashine za Wachina, Duke. Nikafungua mdomo na likatoka lingine.

"Ni mkono wangu. Nilikuwa nachuma nayo. Jumapili nilikuwa napiga makofi."

Mokeira alisimama akatoka nje. Weldon alikaa kwa kiti kile nilimpa.

"Mimi nilionyesha watu kazini hiyo namba," akasema polepole. "Niliiandika kwa karatasi nikabandika mezani. Siku arobaini, Hezi. Siku arobaini nimekuwa nikiombea mkono wako."

Ningependa anipige. Mwenye kunipiga alikuwa Mama. Mkono wake wa kulia haukuwahi kuwa na stroki.

17 Mei

Mokeira alieleza jana kabla ya kuondoka, akiongea na ukuta ili asiongee na mimi. Misuli imekaza. Inaweza kurudi, lakini si kwa mara mbili kwa wiki. Ni kila siku, miezi mitatu, mahali pana vifaa. Nakuru viko. Akichelewa zaidi, mkono utabaki hivyo.

Leo Mama amekataa.

"Siendi."

"Mama, si umesikia daktari?" Weldon amemwambia.

"Nimesikia. Mkono ni wangu, unaweza kulala ukitaka. Nikienda Nakuru, nani atamwangalia Hezekiah?"

Weldon akasema, "Mama, Hezi ni mtu mzima."

"Huyo?" Mama akasema. "Huyo hawezi kulala kama sijakohoa. Anakuja kwa mlango anasimama hapo mpaka nikohoe, ndiyo anaenda. Anafikiri sijui. Wewe nilikuwa nakupeleka shule na ulikuwa unaenda bila kugeuka. Huyu aligeuka mpaka kona. Siendi."

Nilitoka nikaenda kwa shamba. Nikasimama kwa vile vijiti. Miezi sita nimekuwa nikitafuta hayo maneno, mpaka nimefungia watu kwa mkebe wa chumvi, na yamekuja siku ambayo siwezi kuyatumia.

18 Mei, Jumapili

Weldon amejaribu tena, ameshindwa. Saa kumi nimeingia jikoni nikamwambia atupishe.

Nikakaa chini, si kwa kiti.

"Mama, nenda."

"Unanifukuza?"

"Nakufukuza. Hapa utanitazama nikijisifu na mkono utakauka kabisa. Nenda uurudishe, halafu uje unipige na wa kushoto, usiniwekee deni."

Alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. "Na wewe?"

"Mimi nitakohoa mwenyewe."

Uji ukaanza kumwagika, nikautoa motoni. Akasema nimtolee lile sanduku chini ya kitanda.

25 Mei, Jumapili

Wameenda baada ya kanisa. Nilifunga sanduku na kamba ya ng'ombe. Weldon alikuwa amevaa gamubuti zangu, zile zenye tundu. Hatukusema mengi. Alisema, "Nitakuwa nakutumia namba kila jioni." Simu yangu ni ndogo ya kubonyeza, haiwezi hiyo programu yao.

26 Mei

Meseji ya Weldon: "Mama 22."

27 Mei

"Mama 25."

30 Mei

"Mama 31. Anakusalimia."

Nimelima kati ya mistari. Hakuna mtu wa kuniita weri.

4 Juni, Jumatano

Meseji haikuja saa kumi na mbili. Haikuja saa moja. Nikazunguka nyumba mara tatu nikitafuta netiwaki, nikapanda mpaka kwa Duke. Nikaona Mama ameanguka bafuni, nikaona gari la wagonjwa, nikaona kila kitu. Hii ndiyo Weldon alikuwa anafanya jioni zote akiwa Nakuru, akingoja namba, na mimi nilikuwa namtumia yangu.

Saa moja na nusu: "Pole, betri iliisha. Mama 47."

Nilimtukana kwa meseji tatu. Akajibu, "Karibu kwa hii kazi."

11 Juni

"Mama 94." Chai imeanza kutoa macho, madogo, rangi ya kijani ya kitoto.

13 Juni

"Mama 90."

14 Juni, Jumamosi

"Mama 88."

Nikampigia. "Inashuka kwa nini? Unampa uji saa ngapi?"

"Saa mbili, nikimaliza kuvaa. Namshikia kikombe."

"Unamshikia! Weldon, kichwa yote hiyo ya kompyuta na hujui? Mpe saa moja, wa vuguvugu, si wa moto. Weka kikombe upande wa kushoto, hapo mkono wa kulia haufiki, halafu utoke."

"Nitoke niende wapi?"

"Nje ya jikoni. Simama nyuma ya mlango. Ukikaa hapo atakungoja, yeye ni mvivu mbele ya watu anaowapenda. Ukisikia kikombe kimeanguka, usiingie."

Akauliza, "Ulijuaje hayo?"

Nilikuwa na majibu matamu, ya kumweka mahali pake. Nikasema, "Nilikuwa hapo, Weldon. Nilikuwa hapo tu."

17 Juni, Jumanne

Kituo kimefunguliwa. Siku ya kwanza ya kuchuma, kilo kumi na mbili, ni aibu lakini ni majani. Saa mbili asubuhi simu ikalia ndani ya aproni, na meseji za Weldon huwa za jioni. Nikasoma nikiwa katikati ya chai:

"Vikombe viwili vimevunjika. Cha tatu ameshika na wa kushoto. Amekunywa uji wote."

Nikasoma tena. Duke akauliza kama kuna mtu amekufa, nikamwambia hapana, akauliza basi mbona nalia, nikamwambia ni umande.

Wivu ulinipiga hapo hapo, sitadanganya tena kwa hili daftari. Si wa jina wala wa viatu. Weldon ndiye alikuwa nyuma ya mlango.

Nimemjibu: "Nunua vya plastiki."